Ofisi Iliyotutahini

Wanafunzi wangu waliniita Nukta. Walidhani sijui, lakini nilijua, na jina lenyewe lilinipendeza. Nikishasema jambo darasani mjadala umekwisha, na nyumbani mambo hayakuwa tofauti sana. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na nimekosea mengi ambayo nimeshayasahau. Hili moja naamka nalo kila siku.

Binti yetu, kitinda mimba, naye alisomea ualimu wa Kiingereza. Miaka mitatu alituma maombi ya kazi hapa bila kujibiwa, mwisho akaamua kutafuta shule nchi za nje. Mimi nilifurahi. Mama yake hakukataa, ila moyo wake ulikuwa umetanuka, daktari alishatuambia, na kila tulipozungumzia safari aliuliza jambo lilelile.

"Nikizidiwa, ataruhusiwa kuja?"

Hilo tu. Mshahara hakuuliza, wala hali ya hewa. Binti yangu akasema haendi popote mpaka swali la mama lipate jibu, na hapo ndipo tulipoanza kuzunguka kwa mawakala.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo, ofisi yake ghorofani, juu ya duka la nyuzi na vifungo. Mle ndani mlikuwa na meza moja, viti vitatu visivyofanana na kabati la mafaili ambalo droo yake ya chini haifungi. Alikuwa amefundisha nje miaka tisa mpaka magoti yakamgomea. Chini ya meza nikaona kandambili. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mke wangu.

"Dada, swali lako ndilo la kwanza," akasema. "Kwenye mikataba yangu pasipoti anakaa nayo mwalimu mwenyewe. Akiuguliwa na mzazi anapewa ruhusa, imeandikwa, ukurasa wa nne huu hapa. Lakini msiniamini mimi. Hawa ni watu kumi na wawili niliowapeleka, wapigieni. Huyu wa saba atawaambia mabaya yangu yote, tuligombana."

Mke wangu akacheka. Binti akaanza kunakili namba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kandambili.

"Na mtihani ni lini?" nikauliza.

"Mtihani gani, Mwalimu?"

"Wa kumpima. Utajuaje kama anafaa?"

"Ana cheti, na nitamtazama akifundisha kipindi kimoja. Shule nazo zitamhoji. Mimi kazi yangu kubwa ni kuzipima hizo shule."

Nilishuka zile ngazi nimenuna. Tulipofika barabarani nikawaambia kwamba wakala asiyetahini watu ni dalali tu, na kwamba hata kutotutoza chochote kunanitia shaka. Yule mama alikuwa ametueleza kuwa analipwa na shule. Sikutaka kusikia.

Ofisi ya pili ilinipata palepale penye udhaifu wangu. Ilikuwa na ukumbi wenye madawati yaliyoachanishwa vizuri, saa kubwa ukutani, na tangazo la kuzima simu. Watahiniwa walikuwa thelathini. Bahasha ya maswali ilikatwa mbele ya macho ya wote, na aliyeikata ni Mkurugenzi mwenyewe, kijana mwenye tai na sauti ya upole. Sisi wazazi tulikaa kwenye benchi la nyuma. Nilivuta harufu ya karatasi mpya nikajiona nimerudi kazini.

Kabla ya mtihani Mkurugenzi alieleza kidogo habari za kazi. Mke wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasimama.

"Samahani, baba. Mtoto akiuguliwa na mzazi huko aliko..."

Mkurugenzi akatabasamu, akaonyesha saa. "Mama, maswali baada ya matokeo."

Alikuwa bado amesimama nikamvuta mkono wa gauni. "Mama watoto, usimkatize msimamizi," nikamnong'oneza. Akakaa, akaweka mikono yake mapajani, na pale ofisini hakuuliza tena.

Binti yangu alipata asilimia tisini na mbili. Ishirini na mmoja walifeli, na hao waliofeli ndio walionilevya zaidi, kwa sababu nilijua sasa tuko na watu wanaochuja. Mkurugenzi alinishika mkono akaniuliza ni nani aliyemnoa binti huyu hivi. Kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikatembea nacho mtaa mzima.

Jioni ile binti alinifuata barazani.

"Baba, mimi namtaka yule mama wa ghorofani. Nimeshawapigia watu wanne, hata yule wa saba. Amemsema sana, lakini akakubali kwamba baba yake alipougua aliruhusiwa kuja."

"Umefaulu kwa watu wa maana, halafu uende kwa mwenye kandambili?"

"Mama hajajibiwa."

"Atajibiwa."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo mlangoni. "Mwanangu, mfuate baba yako," akasema. "Yeye ndiye anayeyajua mambo ya shule." Hakusema kwa kejeli. Aliamini kweli, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya kutia sahihi niliusoma mkataba. Penye ruhusa paliandikwa kwamba itatolewa kwa kadiri mwajiri atakavyoona inafaa. Nimefundisha ufahamu maisha yangu yote, nimewakata watoto wa watu alama kwa kutoelewa sentensi nyepesi kuliko ile. Nikaiona, nikafunua ukurasa.

Akaenda. Shule haikuwa shule. Kilikuwa kituo cha masomo ya ziada kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, vipindi kutoka asubuhi hadi jioni, kamera kila pembe ya darasa. Pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza, wakasema ni kwa usajili, na haikurudi. Aliniambia mimi tu, mwezi wa pili, akaniomba nisimwambie mama. Nikamjibu apige moyo konde, mwaka si mwingi.

Mwezi wa nane mama yake akalazwa. Binti akaomba ruhusa, akaambiwa asubiri muhula uishe. Akaomba pasipoti yake, akaambiwa mhusika hayupo. Nikaenda kwa Mkurugenzi na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, tena mengine si ya kusemwa na mtu mzima. Nilipofika mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, vijana wameinamia karatasi. Nikapaza sauti kumwita. Akatoka ameweka kidole mdomoni.

"Mzee wangu, kuna mtihani."

Nami nikashusha sauti. Mungu anisamehe, niliishusha. Nikakaa kwenye lile benchi saa nzima na dakika kumi, nikingoja vijana wakusanye karatasi, na mke wangu yuko wodini anahema kwa shida. Walipomaliza, Mkurugenzi akaniambia kwa upole uleule kwamba kazi yao inaishia uwanja wa ndege, mengine ni ya mwajiri.

Nikapanda zile ngazi za juu ya duka la vifungo. Yule mama hakunisuta. Aliniletea kiti, akapiga simu huku na kule, akaandika barua kwa ubalozi.

"Angekuwa kwa mwajiri ninayemjua, leo angekuwa kwenye ndege," akasema. "Huyu simjui, Mwalimu. Sina pa kumshikia. Lakini tujaribu." Ubalozi ukajibu kwamba suala linashughulikiwa.

Hospitali nilimkuta mke wangu ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakata.

"Mwanangu kasemaje?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nikatazama ile miguu yake iliyovimba, nikashindwa. "Anasimamia mitihani," nikasema. "Akimaliza tu, anakuja."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa. "Basi asiikatize. Nitamsubiri."

Alisubiri siku sita.

Tulimzika asubuhi, saa nne. Binti alipiga simu wakati jeneza liko ukingoni mwa kaburi, kwenye mapumziko yake ya dakika kumi. Nikajitenga na watu. Akaniuliza mama amevalishwa nini. Akauliza nani na nani wamekuja, akauliza kama alisema neno. Nikamwambia alisema atamsubiri. Tukalia wote wawili mpaka nikasikia kengele kule kwake.

"Baba, kengele."

"Usiende," nikasema. Miaka thelathini na minne nimewakimbiza watoto madarasani kwa kengele, sijawahi kumwambia mtu neno hilo.

"Wananiona kwenye kamera. Baba, msianze. Kimebaki kipindi kimoja tu, dakika arobaini. Nisubirini."

Simu ikakatika. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, akanisogelea, akasema wachimbaji wako tayari na jua linapanda. Nikamwambia tusubiri. Watu wakatazamana, lakini wakasubiri, wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Dakika arobaini zikapita. Wakaniongezea ishirini kwa heshima yangu. Simu haikuita. Shemeji akanishika bega, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilitupia udongo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

Iliita tulipokuwa getini tunatoka.

"Walinibakiza kikaoni," akasema, anahema, inaelekea alikuwa anakimbia ngazi. "Nimewahi, Baba?"

Nikawapisha watu wapite. Nikageuka, nikarudi peke yangu katikati ya makaburi mpaka kwenye udongo mbichi.

"Umewahi," nikamwambia. "Zungumza naye."

Nikapiga magoti, nikailaza simu juu ya udongo, kisha nikasogea mbali nisisikie anachomwambia mama yake.