Mashine Isiyoguswa

Mashine ilizimika Mzee Enoka akiwa katikati ya neno. Alikuwa akipaza sauti kuushinda mngurumo, akieleza habari za dume moja la ng'ombe lililokataa kuvuka mto, na ghafla sauti yake ikabaki peke yake juu ya ziwa, kubwa kuliko ilivyohitajika. Akaishusha.

"Kumbe tumefika," akasema.

"Bado, Tata," binti yake Wankyo akamjibu, akimfunika miguu. "Mashine imepumzika kidogo."

Mzee alikuwa amelazwa kwenye godoro sakafuni mwa boti. Macho yake yaliacha kuona zamani, na maradhi ya tumbo yalikuwa yamemfanya mwepesi kama ganda la muhindi. Tangu afiwe na mkewe aliishi Rukuba, kisiwani, nyumbani kwa Wankyo. Wiki ile aliomba jambo moja tu: arudishwe Buswahili, kwenye mji wake, apumulie huko. Mganga wa zahanati alimwita Wankyo pembeni akamwambia kama ni kumpeleka, ampeleke leo, asingoje kesho. Gari lilikuwa linawasubiri Musoma.

Nyuma, kwenye usukani, Faustine, aliyemwendeshea Wankyo boti yake, alizungusha ufunguo. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Safari hii haikukohoa hata kidogo.

Asubuhi hiyo ziwa na mbingu vilikuwa na rangi moja, ile rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole mahali kimoja kilipoishia kingine kikaanza. Mawe makubwa ya Musoma yalielea mbele yao bila kugusa chochote chini. Mbali, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu kwa mamilioni, nguzo nyeusi laini iliyojipinda kama moshi wa moto ambao haupo. Boti ikageuka polepole, yenyewe, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Faustine aliitazama mashine. Miaka mingi alikuwa fundi wa mashine za boti pale mwaloni Mwigobero, boti zinapoegeshwa Musoma, na ile ya zamani ya Wankyo aliifungua mara nyingi hata akawa anaiota. Ilipokufa kabisa, Wankyo aliuza shamba la pamba alilorithi kwa marehemu mumewe kule Bunda, akanunua hii mpya. Wakala aliyeiuza alileta watu wake kutoka Mwanza wakaifunga, kisha wakabandika utepe wa bluu kwenye ungio la kifuniko. Wakaeleza: kwa miaka miwili ikiharibika wataitengeneza wao, au watatoa nyingine. Lakini akiifungua fundi asiye na cheti chao, waranti imeishia hapo hapo.

"Yaani niendeshe tu," Faustine alisema siku ile, "kama mtu anayeishi na mke asiyeruhusiwa kumwona uso."

Wankyo alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ndugu yangu, hilo ndilo shamba langu lote, liko hapo ndani. Usiliguse."

Na hakuligusa. Aliifuta vumbi, akaifunika turubai, akaisikiliza.

Sasa Wankyo alisimama ubaoni akitafuta mtandao, simu juu, mpaka akampata Lilian, fundi wa wakala, kule Mwanza. Sauti ya Lilian ilikatikakatika.

"Dada, msifungue. Mimi nafika kesho. Tafuteni boti iwavute."

Boti ipi? Ilikuwa Jumapili. Waliokuwa na boti walikuwa kanisani, na za dagaa zilikuwa zimevutwa mchangani. Wankyo akachukua kasia, akapiga upande huu, akapiga upande ule. Kaupepo kadogo, kasikotosha hata kupeperusha kitenge, kalikuwa kanawasukuma taratibu kurudi walikotoka.

"Wanakunywa," Mzee Enoka akasema.

"Nani, Tata?"

"Ng'ombe. Huwasikii?"

Maji yalikuwa yanagonga ubavu wa boti, kidogo kidogo, lap, lap. Wankyo akasikiliza. Kweli, yalikuwa kama ndimi.

"Nawasikia," akasema.

"Wakishiba tuondoke. Nilikuwaga siwaharakishi mimi. Lakini leo wasichelewe." Akavuta pumzi, ikakwama mahali, akangoja, ikapita. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupoa. Wankyo aliviweka kati ya viganja vyake, na alipoinua uso Faustine alijua atasema nini.

"Fungua."

"Wankyo." Faustine akashuka kwenye ubao, akachuchumaa karibu yake ili mzee asisikie. "Hii siijui. Sijawahi kuona ndani yake. Naweza kufungua na isiwake."

"Najua."

"Basi shamba litakuwa limekwenda, na sisi bado tuko hapa hapa."

"Fungua, Faustine. Sitaki niwe nakumbukaga kwamba siku hii nilikaa kulinda utepe."

Alipoona Faustine anaukwangua utepe kwa ukucha, pole pole, kana kwamba unaweza kubandikwa tena, Wankyo akamfikia, akaushika pembeni na kuurarua mara moja. Ulitoa sauti ndogo sana.

Faustine akanyanyua kifuniko. Alitegemea kukuta ndugu wa ile mashine ya zamani. Akakuta vijisanduku vyeusi vilivyofungwa, nyaya zilizosukwa kama nywele za bibi harusi, kila kitu safi, kimya, kigeni. Alijisikia kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu na miguu yenye tope. Akakaa akitazama tu. Akaogopa kugusa, yeye, ambaye mikono yake haikuwahi kuogopa kitu.

Kisha jicho likatua kwenye kikombe kidogo cha kuchujia mafuta, kinachopitisha mwanga. Chini ya petroli, kwenye kitako, lilitulia tone kubwa la maji, linatikisika na boti, linang'aa kama jicho la sato.

"Mafuta yana maji," akanong'ona. Hakuwa na hakika kama hilo ndilo tatizo lote. Ndilo pekee alilolitambua.

Akafungua kikombe, akamwaga, akakipangusa kwa pindo la shati. Akahamishia mpira wa mafuta kwenye dumu la akiba, akaiminya pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu. Akashika ufunguo. Hakuomba kwa sauti, ila midomo yake ilicheza.

Mashine ikakohoa. Ikatetemeka. Ikashika.

Mzee Enoka akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Haya," akapaza sauti, "dume limekubali!"

Kesho yake Lilian alikuja kwa basi, akamkuta Faustine na boti mwaloni, Musoma. Alikuwa binti mtaratibu mwenye begi la vifaa mgongoni. Akaona mabaki ya utepe, akayapitishia kidole.

"Nani amefungua, baba?"

"Mikono ni yangu. Mwenye mali alijua."

Lilian akapima, akasikiliza, akafunga begi. "Maji kwenye mafuta hata sisi tusingelipia," akasema. "Lakini utepe umekatika, na nitasema nilichokiona. Siwezi kusema kingine. Pole."

"Sikukuomba useme kingine, mwanangu."

Lilian akatazama ziwa kidogo. Halafu akavua begi tena, akanyanyua kifuniko. "Basi sogea hapa. Kuanzia leo ni wewe utakayekuwa unaifungua. Ujue unafungua nini."

Wakainama pamoja mpaka kivuli cha boti kikaanza kurefuka. Alimtajia kila kijisanduku na kazi yake, na Faustine akavirudia majina kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesalimiana na wakwe.

Jua lilipokuwa linapungua Faustine alifika Buswahili. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini na vumbi lilikuwa la dhahabu, limesimama hewani, halitaki kushuka. Mzee Enoka alikuwa ameegeshwa nje kwenye kiti, blanketi mabegani, uso ameuelekeza kwenye kelele za kwato.

Wankyo akamfuata Faustine langoni. "Lilian amesemaje?"

"Waranti hakuna tena. Ni yako yote sasa. Na kuharibika kwake."

Wankyo akafumba macho, akayafumbua. "Njoo ule," akasema.

Lakini mzee alikuwa amenyoosha mkono kumsalimu aliyefika, kwa hiyo Faustine akaenda kwanza kwake, akampa wake. Wakakaa hivyo wameshikana. Ndama mmoja aliyeachwa nyuma na mama yake akaja, akanusa vidole vile vinavyonuka petroli, akafikiri kidogo, akaanza kuviramba.