Barafu ya Wageni

Saa nne kasorobo Nesi Charo aliingia na mfuko wa dawa iliyokwisha kuchanganywa, na bakuli la barafu halikuwapo. Zulekha alikitazama kimeza cha kando ya kitanda, akaitazama mikono ya Charo.

"Barafu iko wapi, mwanangu?"

Charo alitoka, akarudi. Friza ya wodi ilikuwa tupu.

Zulekha, mkulima wa mwani wa Kibuyuni, alikuwa amefunzwa siku tatu mpaka somo likamkaa. Dawa ya leo ilikuwa ya kufyeka uboho wote wenye saratani, kabla hajarudishiwa chembe zake mwenyewe za kuotesha uboho mpya, walizomtoa wakazihifadhi. Dawa hiyo haichagui, hubabua hata kinywa. Ila mtu akinyonya barafu tangu dakika tano kabla ya dawa mpaka nusu saa baada yake, baridi huipunguza damu kinywani na dawa haifiki sana. Jambo dogo kama hilo. Dzombo wa chumba cha pili hakupewa barafu, na Zulekha alimwona kupitia kioo: midomo imevimba, mate hayamezeki, mtu mzima analia bila sauti kwa sababu sauti yenyewe ilimuuma. Wallahi, alimwogopa Dzombo kuliko alivyoiogopa saratani.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Asubuhi ile Jumwa wa jikoni alisimama mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bi Zulekha. Leo mheshimiwa anakuja kuizindua wodi, na friza ya jikoni imekufa. Twaomba barafu yako ya friza ya wodi, kidogo tu, ya wageni."

Wewe ungemjibu nini? Mtu wa Kibuyuni amnyime mgeni kinywaji baridi?

"Marahaba. Chukueni, mwanangu, mgeni ni mgeni," alisema Zulekha, na akaona hata fahari kidogo kwamba ameombwa yeye. Yeye alisikia "kidogo". Wao walichukua yote.

"Nenda ukaniombee hata vipande vitano," alimwambia Charo. Ulimi ulikuwa umeshamkauka.

Charo alikwenda. Nje kipaza sauti kilikuwa kikieleza jinsi wagonjwa wa pwani watakavyotunzwa humu. Aliporudi hakumtazama Zulekha usoni.

"Imekwisha yote. Msimamizi wa wodi asema ulikubali mwenyewe, mama. Ameandika kwenye faili lako."

"Basi tungoje. Mtu aende Ukunda akanunue."

"Barafu ya dukani sijui maji yake, na wewe kinga yako inaondoka leo. Na hii dawa haingoji. Ikishachanganywa huharibika ndani ya saa moja, na nyengine haipo mpaka iagizwe. Ukiikosa leo, umeikosa."

"Naogopa, Charo."

"Najua, mama."

Akaunganisha mpira wa dawa. Zulekha alikunywa maji ya chupa, ya vuguvugu, akayakalisha kinywani kana kwamba yangegeuka. Akapitisha ulimi ufizini, mashavuni, kaakaani. Bado palikuwa laini. Alihesabu siku ambazo Charo alimwambia zingepita kabla ya vidonda: tano, labda saba.

Kioo cha dirisha kiligongwa. Mheshimiwa alikuwa upande wa pili na glasi yake ya juisi mkononi, nyuma yake msimamizi, Jumwa na sinia, na mpiga picha aliyekuwa ameshapiga goti.

"Mama, angalia huku," mpiga picha alisema. "Tabasamu. Hapana, fungua kabisa, meno yaonekane."

Msimamizi alimtolea macho. Mfuko ulikuwa umebaki nusu. Zulekha alimeza yale maji, akafungua kinywa, na akakishikilia wazi mpaka walipotosheka.