Waliruka Ufagio

Hapa Maryland uhuru wetu sisi watumwa ulitangazwa mwezi wa kumi na moja. Krismasi haijafika, bwana wetu wa zamani, Tilney, akaja na gari la farasi akamchukua mdogo wangu Lotty. Mimi nilikuwa shule. Mahakama ilishampa ruhusa, eti Lotty ni yatima, kwa hiyo akae kwake ajifunze kazi hadi miaka kumi na minane. Yatima! Na Mama yuko pale pale mlangoni, mikono imejaa unga wa mahindi.

Baba akamfuata. Watoto wa Tilney wakampiga kwa mpini wa jembe mpaka wakamvunja mkono. Tukaenda kushtaki. Karani hata uso hakuinua.

"Nani aliona?"

"Shamba zima," Mama akasema.

"Mzungu gani aliona?"

"Wazungu waliokuwepo ndio waliokuwa wanapiga."

"Basi hakuna shahidi."

Ya mkono ikaishia hapo. Ikabaki ya Lotty. Jaji akamuuliza Baba, "Wewe na huyu mwanamke mmeoana?"

"Ndiyo, bwana. Tuliruka ufagio, ndiyo ndoa yetu watumwa, mbele ya watu wote. Bwana Tilney mwenyewe alitoa nguruwe wa karamu."

Watu wakacheka. "Ufagio ni wa kufagilia," jaji akasema. "Sheria haiujui. Mtoto hana baba."

Haya. Baba akasema kama wanataka ndoa yao, tutawapa. Jumamosi Mchungaji Purnell akawafungisha kanisani. Shangazi Keziah hakunyamaza hata kidogo. "Jamani, bibi harusi ana pengo na bwana harusi kafungwa kitambaa! Levin, mkumbatie hivyo hivyo kwa mkono mmoja!" Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilishika maua huku nikiangalia miguu yangu kwa aibu, watu wasinitazame.

Jumatatu tukarudi. Lotty aliletwa kavaa aproni inayoburutika chini. Baba akasimama kifua mbele.

"Tumeoana, bwana jaji. Kwa sheria."

"Lini?"

"Juzi."

"Na mtoto ana miaka mingapi?"

"Minane."

Jaji akaegemea kiti chake. "Basi umekiri mwenyewe kwamba alizaliwa nje ya ndoa. Tumemaliza."

Sasa hapo ungesema nini? Bila ndoa Lotty hana baba. Kwa ndoa, vilevile hana baba.

Nje, Tilney akampandisha Lotty kwenye gari. Mama naye akapanda.

"Hester, shuka," Baba akasema.

"Sishuki."

"Ukamfanyie kazi bure tena?"

"Ulisema tushtaki, tukashtaki. Ulisema tuoane, tukaoana. Una lingine, mume wangu?"

Tilney akacheka. "Mimi sijamlazimisha mtu. Masufuria yako yako palepale, Hester." Akawachapa farasi, wakaondoka.

Baba aliliangalia gari mpaka likapinda. "Tutarudi mahakamani," akasema.

"Kufanya nini?" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Kufanya nini, Baba? Ili safari hii waseme hata mimi si wako?"

Karani alikuwa ametoka, kasimama ngazini, ananitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "We Levin," akaita, "huyo naye ana miaka mingapi?"

Baba akanishika kwa ule mkono mzima. "Usigeuke," akaninong'oneza. "Tembea."