Sauti za Baba Kwenye Flashi

Mimi Huda, mjinga namba moja wa Kariakoo. Msinibishie.

Tangu baba afariki, kila Ijumaa baada ya chakula mama huvuta kiti mbele ya laptopu ya marehemu, anatengeneza ushungi, ananiambia, "Niwekee." Namwekea sauti za baba: anatania, anasimulia siku alipomwona mama mara ya kwanza. Mama anacheka, analia, kisha anaenda kuosha vyombo.

Laptopu ilikuwa imechoka. Nami najifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa Pantaleo, fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu. Wimbo wake mmoja: "Linux haisomwi kama gazeti, dada. Tia mikono!" Haya, nikatia mikono. Nilitaka kuifuta Windows, niweke Linux, mashine iwe nyepesi. Wala sikukurupuka! Kwanza nilinunua flashi barabarani, imeandikwa nafasi kubwa ya kutisha, bei ya kutupa. Nikanakili sauti zote, nikaona majina yake yote yamepangana. Mashine ikauliza: nifute diski yote? Nikabonyeza ndiyo.

Linux ikakaa vizuri, tena kwa mbwembwe. Nikachomeka flashi, nikafungua sauti ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya hamsini, kimya. Nikaichomoa, nikakimbia nayo kwa Pantaleo.

Pantaleo aliipima, akaguna. "Flashi feki hii. Nafasi yake kiduchu, inajidai ghala. Imepokea majina, vya ndani imetupa. Hukufungua hata moja kabla ya kufuta?"

"Niliona majina!"

"Majina! Huda, si umezaliwa Kariakoo hapahapa, penye feki kila kona?"

Nilitamani kumzaba kibao, kwa sababu alisema kweli. Siku tatu tulichimba ile diski kwa kila amri anayoijua. Linux yangu ilikuwa imekalia palepale zilipokuwa sauti. Hatukupata kitu.

Ijumaa ikafika. Kiti, ushungi. "Niwekee."

Nikamweleza yote huku nalia. Nilingoja anifokee, jamani, angenifokea tu! Akabaki anaitazama skrini. Kisha akaanza mwenyewe, kwa sauti nzito ya kumwigiza baba akimwita: "Mauza wangu, siku ile uliingia dukani umeshika kapu la ndimu, mimi nikasema..."

Akakwama.

"Hapo alikuwa anasemaje, Huda?"

Sikujua. Kila Ijumaa nilikuwa namwekea, kisha navaa spika za masikioni, naangalia masomo yangu ya Linux kwenye simu.