Bibi wa Sura ya Saba

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule uso umemshuka, akaweka karatasi zake juu ya cherehani nikiwa katikati ya kazi. Darasani kwao walipewa riwaya, kila mmoja aisome, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe jinsi ilivyomgusa. Mwalimu alikuwa amemrudishia kazi yake bila alama, na chini ameandika kwa wino mwekundu kwamba hakusoma kitabu. Alama zenyewe zilikuwa za kuingia kwenye matokeo ya mwaka.

Iliniudhi, maana kitabu kile alinisomea mimi. Macho yangu bado yanaelewana na kitambaa, ila herufi ndogo zilishanikimbia. Basi kila jioni akimaliza kuosha vyombo alikuwa anaketi kwenye kigoda, anasoma kwa sauti, mimi napiga pindo. Ndani ya riwaya hiyo kulikuwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, mkali kama pilipili, anayewagombeza wapangaji wake kuanzia asubuhi. Nilimpenda bure. Kuna siku nilicheka mpaka nikashona mkono wa shati ndani nje.

Nilimuuliza mjukuu wangu ilikuwaje, akasema hajui, akaenda zake kupiga pasi. Sikumfuata. Yule mwalimu ni mteja wangu, na alikuwa anakuja Jumamosi kujaribu gauni.

Jumamosi akaja, akanisalimu kwa heshima zote. Nikamvalisha gauni, nikapiga magoti, nikaanza kulibana pindo kwa pini kulizunguka lote. Nilipoona amejaa pini kiasi cha kutoweza kukimbia, ndipo nikaanza. Nikamwambia binti alisoma kitabu chote, shahidi ni mimi, na kama anabisha nitamsimulia. Nikasimulia kweli. Ugomvi wa ukuta, mpangaji aliyeficha mbwa, mpaka nikafika kwenye harusi ya mwisho, pale yule bibi anapomgeuza bi harusi mbele ya wageni na kumwambia mshono wa kiunoni umekwenda upande.

Mwalimu akanitazama kwenye kioo.

"Bibi, yule mama mwenye nyumba anakufa sura ya saba."

Nikacheka. Nikamwambia labda yeye ndiye hakusoma.

Lakini mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi, na hakucheka. Hapo nikaanza kukumbuka mambo. Ni kweli, tangu katikati ya kitabu yule bibi alikuwa ameanza kujua mambo ya ushonaji, naye mwanzoni hakujua hata kufunga kifungo. Na maneno yake yalikuwa yanafanana na yangu. Mimi nilidhani ni utu uzima tu, wote tunafika huko.

"Ulikuwa umeshampenda, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Nilipofika pale anapokufa nikashindwa. Nikaruka, nikawa namtungia ya kusema kila siku. Siku ya kuandika, nikasahau kwamba amekufa."

Mwalimu akamgeukia. Kisha akasema, bila ukali, kwamba kama ni hivyo amsimulie kile kifo kilivyo kitabuni, hapo hapo, kitabu kikiwa kimefungwa. Akiweza, atajua kwamba alisoma. Mtoto akanitazama mimi badala ya kumtazama mwalimu wake.

"Sema, mke mwenzangu," nikamwambia. "Mimi nimezika watu wa kweli, na bado nakula vizuri."

Akasema. Yule bibi alikuwa anamgombeza mpangaji aliyeacha bomba wazi. Katikati ya maneno akachoka, akamwambia kijana asubiri hapo nje, yeye anakwenda kujilaza kidogo, akiamka atamalizia. Akafunga mlango. Kijana akasubiri. Jua likazama, bado amesimama, anaogopa kuondoka kabla hajamaliziwa maneno yake. Wapangaji wengine wakarudi kutoka kazini, wakamkuta hapo, na ndipo mmoja wao akasukuma mlango.

Alifika mpaka mwisho. Mimi nilibaki chini nimeshika pindo la gauni la watu. Nilimwonea huruma yule kijana kuliko marehemu. Na nikasema wazi kwamba aliyeandika kitabu anajua kazi yake, ingawa kwenye harusi angemwacha yule bibi wa watu aonekane hata kidogo.

Mwalimu akajifuta macho kwa kiganja, taratibu, asijichome. Akamwambia mjukuu wangu aandike upya, na aandike hili hili: alichoruka, alichoweka mahali pake, na kwa nini. Akaongeza kwamba hakuna mwanafunzi wake mwingine aliyempenda mtu wa kitabuni kiasi cha kumkatalia kufa. Halafu, nilipokuwa namvua gauni, akauliza kama anauliza bei ya uzi:

"Na bi harusi alijibu nini?"

Mjukuu wangu akamsimulia, wakacheka wote wawili.

Alama alipewa wiki iliyofuata, nzuri tu. Sasa tumeanza kitabu kingine, cha baharia na mkewe. Nimemwambia asome kama kilivyoandikwa, asinihurumie. Ila akiona mtu anakaribia kufa, aniambie mapema, niweke sindano chini.