Sauti ya Lachlan Purdie

Lachlan Purdie alikuwa anapiga mswaki katika chumba chake cha kupanga London, Jumanne asubuhi, sauti yake ilipomtoka. Haikugombana naye. Ilisema tu, "Mimi narudi nyumbani," ikashuka ngazi, ikapanda treni ya Greenock, kwao Uskoti.

Hakuilaumu. Miaka sita waongozaji wa filamu walikuwa wakimwambia neno lilelile: "Uso unao, Lachlan, ila ongea kama watu." Akiongea Kiskoti chake walimpa kuigiza mlevi, au maiti. Basi mwalimu wa matamshi wa kampuni ya filamu akampa sauti nyingine, laini, iliyopigwa pasi. Kwa sauti hiyo akaigiza daktari, hakimu, na mara mbili bwana mkubwa wa Kiingereza. Watu wakaanza kumwomba picha njiani.

Miaka minane hakukanyaga Greenock. Kisha Isa Tannock, jirani wa mama yake, akapiga simu. "Lachie, mama yako haoni tena, na kifua kimembana. Ukitaka akuage, njoo."

Alimkuta mama, Senga, kwenye kiti cha dirishani. Sauti yake ilikuwa kwenye kiti cha pili, inamsimulia mechi ya Jumamosi.

"Mama, ni mimi. Lachlan."

"Lachlan huyu hapa tunaongea naye. Wewe nani? Mtu wa bima?"

"Mgeni tu, mama," sauti ikasema. "Ametoka kusini."

"Basi akae. Ila biskuti asiguse."

Lachlan akapiga magoti. "Mama, mimi ndiye mwanao. Niulize chochote."

Mama akafikiri. "Haya. Asubuhi nilikutuma ujumbe. Uko wapi?"

Lachlan akatoa simu mfukoni, akapekua. "Sijaona ujumbe wowote, mama."

Isa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia chini. Greenock nzima, kutumwa ujumbe ni kutumwa dukani. Mtoto wa miaka minne anajua hilo.

"Mkate na viazi viko jikoni," sauti ikasema. Yenyewe ndiyo iliyoagiza dukani. Mfuko aliubeba Isa.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Mwone wa bima! Anatafuta mkate kwenye simu!"

Lachlan akaivuta sauti mpaka kwenye ngazi. "Rudi kwangu. Siku moja tu, anijue."

"Halafu kusini utaniweka wapi?"

Alikuwa ameshasaini mkataba wa kuigiza bwana mkubwa wa tatu. Akaiachia. Sauti ikarudi ndani, ikaendelea na mechi pale ilipoishia.

Mama alifariki Alhamisi. Makaburini, kama ilivyo kwao, jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kamba ya kwanza, ya kichwani, ni ya mtoto. Msimamizi wa mazishi akasoma karatasi yake.

"Ya kwanza, Lachlan Purdie."

"Nipo," sauti ikajibu upande wa kichwa, na kamba ikakaza. Hakuna aliyegeuka. Lachlan alikuwa ameshanyoosha mkono, akaushusha.

Kamba ya nane, ya miguuni, ilikosa mtu. "Samahani bwana," msimamizi akamwambia, "utusaidie hapa?"

Akaishika. Jeneza likashuka bila kuyumba.

Walipokuwa wanatoka, mzee mmoja akamkazia macho. "Wewe si nimekuona kwenye televisheni? Kwani Senga ulimfahamu?"

"Kidogo," Lachlan akasema, kwa matamshi safi kabisa.