Nyumba ya Kiwanja Namba Kumi na Nne

Saa moja kasorobo asubuhi Mwalimu alisimamisha gari mbele ya karakana ya useremala, akapiga honi mara mbili, akashuka kupima upepo wa matairi kwa kuyapiga teke. Alikuwa amestaafu kufundisha historia, na safari hii aliipanga kama ratiba ya mtihani: miji mitatu ya zamani kwa siku moja, chupa mbili za chai, mkate, mayai ya kuchemsha, na karatasi yenye dakika za kila mji. Marafiki zake wawili walisoma naye darasa moja tangu utotoni. Sasa wote walikuwa na wajukuu, lakini yeye aliwaongoza kana kwamba wamechelewa mstarini.

Seremala alitoka na vumbi la mbao masikioni. Walimwita Randa, na hata mkewe alimwita hivyo. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshakaliwa na Futi, mpima ardhi wa ofisi ya hifadhi ya majengo ya kale, mkoba magotini. Kila mwaka Futi alikuwa na udhuru wa kutokwenda. Mwaka huu alikubali kabla swali halijaisha, na hilo lilimtia Randa wasiwasi.

Maana palikuwa na jambo kati yao wawili, na Mwalimu hakulijua. Miezi minane nyuma Futi alipita karakana wakati lori linashusha mbao. Randa alipokea mbao mara tatu kwa wiki. Hati za mzigo ziliwekwa juu ya meza ya kazi naye akazitia saini zote bila kusoma hata moja, macho yakiwa kwenye mbao asije akabambikiwa zilizopinda. Siku hiyo Futi alichomeka karatasi yake katikati ya hati. "Na hii, bwana, ni utaratibu tu." Randa akatia saini. Karatasi ilisema kwamba yeye, ndugu wa karibu, anashuhudia kuwa nyumba ya kiwanja namba kumi na nne haina mtu. Katika nyumba hiyo aliishi mama yake mdogo, fundi cherehani, miaka thelathini na minane. Wiki ile alikuwa hospitali akitolewa mtoto wa jicho. Aliporudi na bandeji yake alikuta cherehani iko nje inanyeshewa, na mlangoni pamepigiliwa kibao: Nyumba ya Kihistoria, Tafadhali Usiguse.

Baadaye ofisi ya hifadhi ilimpa Randa kazi ya kutengeneza madirisha mapya ya nyumba hiyo hiyo, naye akaipokea. Hilo ndilo lililomla. Saini aliitia bila kujua, lakini madirisha aliyatia akijua fika.

Mama mdogo alipeleka malalamiko ofisi ya mashauri ya ardhi. Ofisi ilikuwa ndani ya mahakama ya zamani, katika mji wa tatu kwenye orodha ya Mwalimu, na shauri lilikuwa lifungwe siku hii ya safari saa tisa na nusu. Siku mbili kabla ya safari alimpigia Randa simu. Hakumlaumu hata kidogo. "Mwanangu, wanasema aliyetia saini akienda akasema mwenyewe, nyumba inarudi. Asipokwenda, basi tena." Randa akamjibu kwamba ataangalia. Jibu la hovyo, na alijua.

Walikuwa hawajamaliza hata saa nzima barabarani Mwalimu alipotazama kioo.

"Kuna nyumba nyuma yetu," alisema.

"Ipishe," alisema Futi.

"Nimeipisha mara mbili. Haitaki kupita."

Randa aligeuka. Ilikuwa nyumba ya mawe ya vyumba vinne, bati jekundu, ngazi tatu mbele. Haikuwa na magurudumu wala haikuyahitaji. Ilikuja tu kwa mwendo wa gari lao, ikikata kona kwa uangalifu. Kibao cha Tafadhali Usiguse kilikuwa bado mlangoni. Madirisha yalikuwa ya mvule, yamekaa sawasawa kwenye fremu zake, kwa kuwa fundi wake hakuwa mtu wa kulipua kazi.

"Inakufuata wewe au mimi?" Futi aliuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

Randa aliendelea kuyatazama madirisha. Alijua kabisa inamfuata nani.

Katika mji wa kwanza walitembelea stesheni ya reli isiyo na treni. Mwalimu aliwasomea maelezo ya ukutani na kuyasahihisha kwa kalamu. Nyumba ilijipanga kwenye foleni ya teksi, nyuma ya gari jeupe, na kila teksi ilipoondoka nayo ilisogea. Abiria mmoja aliingia na begi lake, akakaa kidogo, akatoka kutafuta nyingine.

Njiani kwenda mji wa pili askari wa barabarani aliwasimamisha wote, gari na nyumba. Aliizunguka nyumba yote, akainama kutazama chini ya ngazi.

"Haina taa za nyuma," alisema.

"Ni nyumba, afande," alisema Mwalimu.

"Naona ni nyumba. Na jua likizama?" Alitoa daftari. "Nyumba hii ni ya nani?"

Futi alikuwa ameshafungua mkoba. "Ya ofisi ya hifadhi, afande. Hati hizi hapa. Ilikuwa haina mtu, tuna shahidi." Akanyoosha kidole kiti cha nyuma. "Huyo."

Askari aliinamisha kichwa dirishani. "Ni kweli, mzee?"

Randa alitazama nje. Nyumba ilikuwa imesimama hatua tano tu, kimya. Kwenye fremu ya mlango yalionekana matobo ya misumari ambako mama mdogo alikuwa akitundika sare za shule zilizokuwa tayari, na moja ya sare hizo, zamani sana, ilikuwa ya Randa. Alitaka kusema, Mungu anajua alitaka.

"Saini ni yangu," alisema.

Askari akaandika, akawaruhusu wapite. Mwalimu akaondoa gari. Randa alijichukia mpaka masikio yakamuuma.

Kilomita moja mbele Mwalimu alimtazama Randa kiooni. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mitano, na mtoto aliyenakili jibu la mwenzake alimjua kwa kumtazama kisogo. "Randa. Ile si nyumba ya mama yako mdogo?"

Randa akamweleza yote. Hati za mbao, hospitali, cherehani mvuani, na madirisha. Sehemu ya madirisha ndiyo iliyomchukua muda mrefu. Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa palepale kwenye usukani.

"Na ofisi inafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Hamna haja ya kukurupuka," alisema Futi. "Nyumba ile ilikuwa inaoza. Sasa imepakwa rangi, watu wanaitazama. Na ukisema, Randa, hatuzami sisi wa ofisi tu. Watauliza madirisha alitengeneza nani."

"Wataambiwa," alisema Mwalimu, akaongeza mwendo.

Mji wa pili walisimama kwa sababu ya maji ya rejeta. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mwalimu alimpa Futi funguo atoe chupa ya chai kwenye buti. Futi akatoa chupa, akaiweka chini taratibu, akafunga buti, akavuka barabara, akaingia mnara wa saa wa mji na kupanda juu akiwa na funguo mfukoni.

Walimwita. Kichwa chake kilitokeza kwenye kidirisha chini ya akrabu za saa. "Nasoma maandishi ya huku," alisema. "Ni historia. Si ndiyo tuliyoifuata?"

Randa alipanda ngazi, akakuta kilango cha juu kimekomewa kwa ndani. Aligonga, akabembeleza, akatukana tusi walilotumia wakiwa darasa la nne. Ikafika saa nane. Ikafika saa nane na robo, na mnara uliipiga juu ya vichwa vyao kwa kelele za kupasua masikio. Wao kwa wao waligawiana kitafunwa kimoja miaka sita shuleni, na sasa mmoja amejifungia mnarani ili mama mdogo wa mwenzake asirudi kwake. Randa alishuka akakaa chini.

Ndipo nyumba ilipovuka barabara. Ilingoja lori lipite, ikavuka, ikasogea mpaka ukutani mwa mnara, ikapanda ngazi zake zenyewe moja baada ya nyingine mpaka dirisha lake la mbele likawa sawa na kidirisha cha Futi. Haikufanya kingine. Ilikaa hapo wanatazamana. Muuza magazeti alisogeza meza yake apate kivuli.

Futi alishuka baada ya dakika kumi na moja. Alimpa Mwalimu funguo, akakaa kiti cha nyuma bila kuambiwa. Hakuna aliyemuuliza aliona nini mle ndani.

Mwalimu aliendesha kama mtu anayekimbiza mgonjwa. Saa ya gari ilisema saa tisa na dakika kumi na nane walipoingia mji wa tatu. Hakusoma kibao hata kimoja. Nyumba iliegesha mbele ya mahakama ya zamani, katikati ya mistari miwili ya chokaa, ikatulia. Randa alipiga moyo konde, akakimbia na miaka yake sitini na mbili.

Karani wa mashauri alikuwa mwanamke mwenye miwani, anafunga mafaili kwa kamba. Alimpa kiti na kumsikiliza, akaandika kila neno: hati, hospitali, madirisha. Akamsomea, akampa kalamu. Safari hii Randa alisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea, ndipo akatia saini. Karani akagonga mhuri. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na saba. Randa alihisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane.

"Umefanya vizuri, mzee," alisema karani. "Maelezo yako yanatosha kabisa." Akafungua ukurasa mwingine. "Ila mkaguzi wetu alifika kiwanjani saa nne asubuhi. Lazima tuhakikishe kinachogombewa kipo. Amekuta msingi na majani."

"Nyumba iko nje hapo."

Karani alisimama, akavuta pazia, akaitazama kwa utulivu. "Naiona. Nzuri. Lakini ile iko maegesho ya mahakama. Malalamiko ni ya nyumba iliyopo kiwanja namba kumi na nne, na pale hakuna nyumba. Kiwanja ni kitupu. Ofisi ya hifadhi imeshaleta maombi ya kukichukua, mchana huu."

"Nikiirudisha leo hii?"

"Itakuta shauri limefungwa." Akafunga faili kwa kamba, mafundo mawili. "Pole."

Kwenye ukumbi Futi alikuwa amekaa benchi, mkoba magotini. Alipoona uso wa Randa alielewa, na hakucheka. Akainuka tu kwenda kuulizia basi. Mwalimu alikuwa ameegemea gari analia waziwazi, maana alikuwa ameshasikia dirishani.

Randa aliketi kwenye ngazi za nyumba, akapiga simu.

"Mama mdogo, nimesema."

"Yote?"

"Yote. Na ya madirisha."

Upande wa pili palisikika mkasi ukiwekwa mezani. "Ahsante, mwanangu," alisema mama mdogo.

Hapo ndipo Randa akamweleza yaliyobaki. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Sasa iko wapi?"

"Ninayo hapa. Inasubiri tuondoke."

"Usiilete huku. Chumba chenyewe cha kupanga, na uani mwenye nyumba anaanika nguo. Hakuna pa kuiweka." Alikohoa kidogo. "Iambie hivyo."

"Niiambieje?"

"Iambie taratibu. Ilikuwa inajaribu kusaidia."

Simu ikakatika. Randa aliirudisha mfukoni. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na vyumba vyote vinne vilikuwa vinasikiliza. Akaweka kiganja kwenye fremu, akatafuta pa kuanzia.